Mchujo wa Chama na Kiti cha Gavana: Mfano wa Jimbo la Georgia

1. Istilahi na suala lenyewe

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kufuatilia chaguzi za Marekani hukutana kwanza na tatizo la maneno. Uchaguzi unaofanywa ndani ya chama ili kumpata mgombea wake, Wakenya huuita mchujo. Watanzania huuita kura za maoni, istilahi yenye dosari ya kutumika pia kwa kura ambamo taifa zima huulizwa swali moja na kujibu ndiyo au hapana. Neno jimbo nalo halina maana moja: kwa Mkongomani ni sehemu kubwa ya utawala, kama vile Haut-Katanga au Kivu ya Kaskazini, na kwa Mtanzania mara nyingi ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Katika makala haya, jimbo ni mojawapo ya yale 50 yanayounda Marekani, na uchaguzi wa ndani ya chama utaitwa mchujo. Neno hili la Wakenya lina faida moja: linamkumbusha msomaji tui la nazi na kifumbu chake, na kumlazimisha kuuliza ni nani aliyekishika kifumbu hicho, na kimesukwa vipi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, mahali ambapo chama kimoja hushinda daima, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na kwamba namna ya kuzihesabu kura za mchujo huweza kuamua mambo kuliko hata haki ya kuzipiga. Mfano uliochaguliwa ni jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani. Tangu Januari 1872 hadi Januari 2003, kila gavana wa Georgia alitoka katika chama cha Demokratiki. Katika sehemu kubwa ya muda huo, uchaguzi wa Novemba ulikuwa ni kupiga muhuri tu juu ya jambo lililokwisha. Mtu aliyeshinda mchujo wa chama, uliofanywa miezi kadhaa kabla, alianza kupokea pongezi za ugavana siku ile ile.

2. Nani aruhusiwe kuingia

Mwanzoni mwa karne ya 20, chama cha Demokratiki cha Georgia kiliweka sharti kwamba mchujo wake ni wa wazungu pekee. Hoja ya kisheria ilikuwa nyepesi lakini yenye nguvu mahakamani: chama ni shirika la watu binafsi, mfano wa klabu, nacho kina haki ya kuamua nani awe mwanachama wake. Katiba ya Marekani, kwa marekebisho ya mwaka 1870, inalikataza jimbo lisimnyime mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini klabu si jimbo. Mtu mweusi aliweza kupiga kura Novemba, akipenda, wakati hapakuwa na chochote cha kuchagua.

Hilo nalo likapunguzwa. Mwaka 1906 wawili walioshindania mchujo wa ugavana, Hoke Smith na Clark Howell, wote watu wa magazeti ya Atlanta, walishindana hasa kwa kuahidi ni yupi kati yao angewazuia watu weusi kwa ukamilifu zaidi. Kampeni hiyo, pamoja na uchochezi wa magazeti ya mji huo, ilifuatwa na ghasia za Septemba 1906 ambamo makundi ya wazungu yaliwaua watu weusi wasiopungua 25 mjini Atlanta. Smith alishinda, na mwaka 1908 katiba ya jimbo ikarekebishwa: anayetaka kupiga kura athibitishe kwamba anajua kusoma, au ana mali, au ni mzao wa mtu aliyepigana vitani, na kadhalika. Juu ya hayo ilikuwepo kodi ya kura, ambayo malimbikizo yake ya miaka iliyopita yalidaiwa yote kwa pamoja. Maskini wa kizungu waliumizwa na kodi hiyo pia, ingawa wanasiasa waliowategemea hawakupenda kulitaja jambo hilo.

Mlango huo ulivunjwa kutoka nje. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka jimbo la Texas, iliamua kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi wa umma na kwamba chama kinachouendesha hakiwezi kujificha nyuma ya hoja ya klabu. Mwaka huo huo, tarehe 4 Julai, kinyozi na mhubiri mweusi aitwaye Primus King alikwenda kupiga kura katika mchujo mjini Columbus, Georgia, akafukuzwa. Alishtaki. Alishinda mwaka 1945, chama kikakata rufaa, akashinda tena Machi 1946. Na Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwisho. Gavana wa wakati huo, Ellis Arnall, alishauriwa aitishe baraza la kutunga sheria ili zitafutwe mbinu nyingine za kukwepa hukumu. Alikataa. Arnall huyo ndiye aliyekuwa amefuta kodi ya kura mwaka 1945, na kabla ya hapo, mwaka 1943, jimbo lake lilikuwa la kwanza nchini kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18.

Hivyo mchujo wa Julai 1946 ulikuwa wa kwanza katika kizazi kizima ambamo watu weusi wa Georgia waliweza kushiriki kwa wingi. Zaidi ya 100,000 walijiandikisha. Katika kaunti nyingi za mashambani fomu za pingamizi zilisambazwa ili majina yao yafutwe daftarini kwa maelfu. Katika kaunti ya Taylor, Maceo Snipes, askari aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki, alipiga kura. Siku iliyofuata alipigwa risasi nje ya nyumba yake, akafa baada ya siku mbili.

3. Namna ya kuhesabu

Msomaji angetarajia kwamba wapiga kura wapya zaidi ya laki moja wangebadilisha matokeo. Kwa hesabu ya vichwa, walibadilisha. Lakini Georgia haikuhesabu vichwa.

Kwa sheria ya mwaka 1917, iliyoutia nguvu utaratibu uliokuwa umezoeleka chamani, mshindi wa mchujo hakuwa yule aliyepata kura nyingi jimboni, bali yule aliyepata kura nyingi za kaunti. Georgia ina kaunti 159, idadi inayozidiwa na Texas peke yake. (Husemwa kwamba wingi huo ulitokana na azma ya kumwezesha mkulima kufika mahakamani kwa gari la nyumbu na kurudi kwake kabla ya giza.) Kaunti 8 zenye watu wengi kuliko zote zilipewa kura 6 kila moja, kaunti 30 zilizofuata, kura 4 kila moja, na 121 zilizobaki, kura 2 kila moja. Jumla ni 410. Aliyeongoza ndani ya kaunti, hata kwa kura moja, alichukua kura zote za kaunti hiyo.

Hesabu yenyewe haihitaji ufundi. Kaunti tatu ndogo kabisa zilikuwa sawa na kaunti ya Fulton, ambamo umo sehemu kubwa ya mji wa Atlanta. Kwa sensa ya 1960, Fulton ilikuwa na wakazi 556,326 na kura 6. Kaunti ya Echols, wakazi 1,876 na kura 2. Mkazi mmoja wa Echols alikuwa na uzito wa wakazi 99 wa Fulton. Zile kaunti 121 za daraja la mwisho, zikikusanywa, zilikuwa na kura 242, yaani zaidi ya nusu ya zote, ilhali wakazi wake walikuwa karibu theluthi moja tu ya watu wa jimbo.

Utaratibu huu haukumtaja mtu mweusi hata kwa neno moja, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Watu weusi waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa hasa mijini, pamoja na wafanyakazi wa viwanda, walimu na wazungu wasioafiki ubaguzi. Wote hao walitiwa katika chombo kimoja na kupimwa kwa mizani ile ile iliyopunjwa. Isitoshe, katika kaunti yenye wapiga kura mia chache, mgombea hakuhitaji kuwashawishi watu. Alihitaji urafiki wa mkuu wa polisi wa kaunti na wakubwa wawili watatu wanaokaa kwenye ngazi za mahakama.

Bingwa wa mfumo huo alikuwa Eugene Talmadge, mwanasheria aliyejipamba kama mkulima, mwenye kuvaa kanda nyekundu za suruali na kujigamba kwamba hahitaji kura za kaunti yoyote yenye reli ya tramu. Aliushinda ugavana mara ya kwanza mwaka 1932. Kuanguka kwake mwaka 1942 kuna mafunzo kwa watu wa vyuo vikuu. Mwaka 1941 aliishinikiza bodi ya vyuo vya jimbo imfukuze Walter Cocking, mkuu wa kitivo cha elimu katika Chuo Kikuu cha Georgia, pamoja na mkuu wa chuo cha ualimu cha Statesboro, kwa madai kwamba walitaka kuwachanganya wanafunzi weupe na weusi. Bodi ilipositasita, alibadilisha wajumbe wake. Shirika la vyuo vya kusini likaviondolea ithibati vyuo kumi vya wazungu vya jimbo hilo, maana yake shahada zao zingetiliwa shaka kila mahali. Wanafunzi walisambaa makwao kufanya kampeni, na Arnall akamshinda Talmadge kwa kura za watu na za kaunti pia. Ikumbukwe kwamba wazazi wa mashambani walioudharau mji hawakutaka vyeti vya watoto wao viwe karatasi tupu.

Mwaka 1946 Talmadge alirudi. Matokeo ya mchujo yalikuwa hivi: James Carmichael, aliyewahi kuongoza kiwanda cha ndege za kivita huko Marietta, alipata kura 313,389, Talmadge, 297,245, gavana wa zamani Rivers, 69,489. Kwa kura za kaunti, Talmadge alipata 242, Carmichael 146, Rivers 22. Aliyeshindwa kwa kura elfu kumi na sita alitangazwa mshindi kwa tofauti kubwa. Kwa mtu mweusi aliyepiga kura mara ya kwanza maishani, hukumu ya mahakama ilikuwa imemfikisha ndani ya chumba, kumbe chumba chenyewe hakikuwa na uzito.

Yaliyofuata yanasimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Talmadge alikuwa mgonjwa. Katika uchaguzi wa Novemba hakuwa na mpinzani kwenye karatasi ya kura, lakini wafuasi wake, wakihofia kifo chake, waliandika kwa mkono jina la mwanawe, Herman. Alifariki tarehe 21 Desemba 1946, kabla ya kuapishwa. Wafuasi walidai kwamba baraza la kutunga sheria limchague gavana kati ya wale waliofuatia kwa kura. Hesabu ya kwanza ilimweka Herman nafasi ya tatu katika kura hizo za mkono, akiwa na 617, nyuma ya Carmichael mwenye 669 na mtu mwingine mwenye 637. Kisha zikapatikana kura 58 zaidi katika kaunti ya Telfair, nyumbani kwa akina Talmadge. Mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal alipolichunguza daftari, alikuta kwamba wapiga kura kadhaa walikuwa wamefika kituoni kwa mpangilio wa alfabeti, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Baraza lilikwisha kumchagua Herman Januari 1947, kwa kura 161 dhidi ya 87.

Georgia ikawa na magavana watatu. Arnall alikataa kuondoka mpaka apatikane mrithi halali. Herman Talmadge aliiteka ofisi yake usiku na kubadilisha makufuli. Arnall akafungua ofisi kwenye meza ya maelezo ukumbini, kisha akajiuzulu ili kumwachia makamu mteule, Melvin Thompson. Katibu wa jimbo, Ben Fortson, ambaye alitumia kiti cha magurudumu, aliuficha muhuri wa jimbo chini ya mto wa kiti chake ili asiwepo yeyote wa kutia sahihi halali. Machi 1947 mahakama kuu ya Georgia iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 2, kwamba Thompson ndiye kaimu gavana. Mwaka uliofuata Herman alimshinda Thompson katika mchujo, kwa mfumo ule ule wa kaunti. Akiwa gavana alijaribu kuueneza mfumo huo hata kwa uchaguzi wa Novemba. Marekebisho hayo yalihitaji kupigiwa kura na wananchi wote, mwaka 1950 na tena 1952, na mara zote mbili yalikataliwa: kura hizo zilihesabiwa kwa vichwa.

4. Mtu mmoja, kura moja, na baada yake

Mashtaka kadhaa dhidi ya mfumo wa kaunti yalishindwa, kwa sababu mahakama zilikuwa zikisema kwamba mgawanyo wa uzito wa kura ni suala la siasa. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Tennessee, iliubadilisha msimamo huo. Mara moja mpiga kura wa Fulton aitwaye James Sanders akamshtaki mwenyekiti wa kamati ya chama cha Demokratiki cha Georgia, James Gray. Mahakama ya chini iliutangua mfumo Aprili 1962, na mchujo wa Septemba ukawa wa kwanza kuhesabiwa kwa kura za watu. Carl Sanders, ambaye hakuwa mdai wa kesi, alishinda. Machi 1963 Mahakama Kuu iliithibitisha hukumu kwa majaji 8 dhidi ya 1. Ni katika hukumu hiyo, iliyoandikwa na jaji William Douglas, ambamo kanuni ya mtu mmoja, kura moja ilitamkwa waziwazi na mahakama hiyo. Wanaoinukuu kanuni hiyo barani Afrika leo ni wachache wanaojua kwamba ilizaliwa katika ugomvi wa mchujo wa chama.

Wenye nia ya kuulinda utawala wa zamani hawakukaa kimya. Mwaka 1964 Georgia ilipitisha sheria kwamba mshindi wa mchujo lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa kwanza warudie. Kwa maneno, ni sharti la haki tupu. Kwa vitendo, liliondoa uwezekano kwamba watu weusi wakiungana nyuma ya mgombea mmoja, na kura za wazungu zikigawanyika kwa wengi, mgombea huyo apite. Sharti hilo bado lipo, na si kila mara limetumika kwa nia hiyo. Mwaka 2018 Brian Kemp alishika nafasi ya pili katika duru ya kwanza ya mchujo wa Republikani, akashinda kwa mbali katika ya pili, kisha akawa gavana.

Mwaka 1966 sharti hilo lilizaa jambo lisilotarajiwa. Arnall, sasa mzee wa siasa, aliongoza duru ya kwanza ya mchujo wa Demokratiki. Wa pili alikuwa Lester Maddox, mwenye mkahawa mjini Atlanta ambaye mwaka 1964 aliwafukuza wateja weusi kwa bastola, wafuasi wake wakiwa na mipini ya sululu, na akaufunga mkahawa kuliko kuwahudumia. Wa tatu alikuwa seneta wa jimbo asiyejulikana sana, Jimmy Carter. Katika duru ya pili Maddox alimshinda Arnall. Kwa kuwa Georgia haiandikishi wapiga kura kwa vyama, iliaminiwa na wengi kwamba baadhi ya wafuasi wa Republikani waliingia katika mchujo wa wenzao kumpigia Maddox, wakidhani angekuwa mwepesi kuangushwa Novemba.

Novemba, mgombea wa Republikani, Howard Callaway, alipata kura 453,665 na Maddox 450,626. Lakini zaidi ya wapiga kura 50,000, ambao hawakumtaka yeyote kati yao, waliandika jina la Arnall kwa mkono. Hivyo hakuna aliyefikisha nusu, na katiba ya jimbo, kwa kifungu cha mwaka 1824, ilisema baraza la kutunga sheria lichague kati ya wawili wa kwanza. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu ikimshtaki yule yule Ben Fortson wa muhuri, na Desemba 1966, kwa majaji 5 dhidi ya 4, utaratibu huo ukaruhusiwa. Januari 1967 baraza, lenye wingi mkubwa wa Demokratiki, lilimpa Maddox kura 182 na Callaway 66.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Kwa katiba ya 2006, gavana wa jimbo nchini Kongo huchaguliwa na wabunge wa jimbo, si na wananchi moja kwa moja. Kilichokuwa mlango wa dharura Georgia ni mlango wa kawaida hapa. Tofauti ya kura 3,039 kwa upande mmoja, ilipoingia ndani ya baraza, iligeuka kuwa tofauti ya 116 kwa upande wa pili, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kifungu cha 1824 kilifutwa kwa marekebisho ya 1968, na badala yake ikawekwa duru ya pili ya wananchi. Maddox hakuruhusiwa na katiba kugombea mfululizo. Mwaka 1970 Carter alirudi, akamshinda Carl Sanders katika mchujo wa Demokratiki, kwa kampeni iliyowatongoza waziwazi wazungu wa mashambani waliompenda Maddox. Na Maddox mwenyewe akachaguliwa kuwa makamu wa gavana. Siku ya kuapishwa, Januari 1971, Carter aliwaambia waliohudhuria kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha. Baadhi ya waliokuwa wamempigia kura katika mchujo waliondoka wakinung'unika.